Duara safi kwenye agari lisikudanganye: chembe nano za oksidi za metali zinaua bakteria, na nini kingine?

Sahani_Chafu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikimimina, kusoma na kuosha sahani za petri kwa miaka kadhaa sasa. Kila baada ya muda anaingia mtu maabara na kichupa cha unga mweupe, uso umechangamka, anasema "hii ni nano, inaua kila kitu". Tunatoboa vishimo kwenye agari (ute mgumu wa kuoteshea bakteria), tunadondoshea huo unga uliochanganywa na maji, sahani inalala kwenye nyuzi 37. Asubuhi bakteria wameota kila mahali kama ukungu, isipokuwa pale kwenye kishimo, kuna duara safi kabisa. Rula inawekwa, picha inapigwa, milimita 18. Mwenye kichupa anaondoka kwenda kuandika.

Mimi ndiye ninayebaki na sahani, na leo nimechoka kunyamaza. Lile duara linasema jambo moja tu: kuna kitu kilitoka kwenye kishimo, kikasafiri ndani ya agari, kikawazuia bakteria. Halisemi kitu hicho ni nini. Na mara nyingi wala si chembe nano yenyewe, kwa sababu chembe zikiganda pamoja hazitembei ndani ya agari. Zinabaki zimekaa kishimoni kama chokaa.

Kwa wageni wa mada: nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe ya kati ya nanomita 1 na 100 ndiyo tunaiita nano. Bakteria E. coli, wa utumbo, ana urefu wa nanomita 2,000 hivi, yaani ukipanga chembe za nanomita 20 mstari mmoja unahitaji mia moja kumfikia kutoka ncha hadi ncha. Utamu wa udogo uko kwenye eneo la uso. Chukua mchemraba wa sentimita moja: pande zake zote sita zina sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe michemraba ya nanomita 10. Uzito haujabadilika hata kidogo, ila eneo sasa ni mita 600 za mraba. Chochote kinachotokea juu ya uso, iwe kuyeyuka au kumenyuka na maji na oksijeni, kinaenda kwa kasi ya ajabu.

Wanaotajwa sana ni oksidi ya zinki, dioksidi ya titani na oksidi za shaba. Magnesi, chuma na seri wapo pia, ila leo sitawagusa sana.

Zinauaje? Kwanza zinayeyuka. Oksidi ya zinki ikikaa majini inaachia ioni za zinki. Zinki kidogo bakteria anaitaka, ikizidi inamkaba: inakalia nafasi za metali nyingine kwenye protini zake. Shaba ni katili zaidi. Utafiti uliotoka 2009 ulionyesha kwamba ndani ya E. coli shaba inavunja vishada vya chuma na salfa ambavyo vimeng'enya vyake vinavitegemea, na inafanya hivyo hata pasipo na oksijeni. Halafu kuna oksijeni kali: supaoksidi, peroksidi ya hidrojeni na haidroksili, ambazo zinatafuna utando, protini na DNA. Hapa dioksidi ya titani (nitaiita titani tu) ndiyo bingwa, lakini anadai mwanga, nitalirudia hilo. Na kuna mgusano wenyewe. Uso wa oksidi ya zinki kwenye maji yasiyo na asidi wala besi una chaji chanya, wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo wanavutana, chembe zinajibandika kwenye utando na kuuchubua.

Sasa soma tena aya iliyopita uniambie ni wapi bakteria ametofautishwa na wewe. Seli yako ina utando. Ina vimeng'enya. Mitokondria zako zina vishada vya chuma na salfa vilevile. Penisilini inaharibu ujenzi wa ukuta ambao seli ya binadamu haina kabisa, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuchomwa gramu kadhaa kwa siku akapona. Oksidi ya shaba haina ustaarabu huo, inapiga yeyote iliyemkuta.

Na namba hazitufariji. Antibiotiki ya ciprofloxacin inamzuia E. coli wa kawaida wa maabara kwa sehemu chache za elfu za mikrogramu kwa mililita. Oksidi ya zinki mara nyingi inadai mamia ya mikrogramu kwa mililita, wakati mwingine maelfu. Seli za mapafu na za damu zilizooteshwa kwenye vyombo zinaanza kufa kwenye makumi. Yaani mwenye nyumba anakufa kabla ya mwizi.

Hoja yangu ni hiyo. Siwapingi wanaofanya hizi kazi, nami nazifanya. Nataka tu mtu akileta duara, alete na kipimo: unga kiasi gani, umeyeyuka kiasi gani, na seli ya mtu inafanya nini kwenye kiasi hichohicho. Karibuni.

---

Kiti_cha_Nyuma

Naweka kambi. Humu watu huomba madini kila siku, leo yameletwa kweli, tena yameshaoksidishwa 😂

---

Agari_Moto

Mkuu nakuheshimu ila umenigusa pabaya. Mimi ndiye mwenye kichupa. Natengeneza oksidi ya zinki kwa njia ya kijani: nachemsha majani, nachuja, nachanganya na nitrati ya zinki, nakausha, nachoma kwenye tanuru nyuzi 400. Eksirei inaonyesha nanomita 22. Duara langu kwa E. coli ni milimita 19, la ciprofloxacin ni 26. Sioni kama tumeachana sana na antibiotiki, halafu yangu haina kemikali.

---

Sahani_Chafu

Karibu sana, na usikasirike, maana unachokifanya nilikifanya pia.

"Haina kemikali" tuiache. Nitrati ya zinki ni nini?

Twende kwenye milimita. Kisahani cha karatasi cha ciprofloxacin kina mikrogramu 5. Wewe umedondosha kiasi gani kishimoni?

---

Agari_Moto

Mikrolita 50 za mchanganyiko wa miligramu 20 kwa mililita.

---

Sahani_Chafu

Hiyo ni miligramu 1 nzima, mikrogramu 1,000. Umeweka mara 200 ya dawa na duara lako bado ni dogo. Tena kipenyo hakikui sambamba na dozi. Ukiongeza dozi mara kumi, duara linasogea milimita chache tu. Kwa hiyo hizo 7 mlizoachana ni mbali mno kuliko rula inavyoonyesha.

Eksirei: upana wa vilele kwenye grafu yake unakupa ukubwa wa fuwele, si wa chembe. Fuwele 22 za kwako zinaweza kuwa zimeshikana maelfu kwa maelfu zikafanya bonge la mikromita nzima. Bila darubini ya elektroni hujui. Na bila kupima kwenye supu ileile unayooteshea bakteria hujui pia, kwa sababu chumvi na protini za supu zinazigandisha upya.

Kuhusu majani: nyuzi 400 zimeshachoma karibu kila kitu kilichotoka kwenye jani. Ukiandika kwamba viambato vya mmea vimezifunika chembe na kuziongezea nguvu, mtahini mkali atakuuliza vimebakije baada ya tanuru.

Nenda kafanye sahani moja yenye vishimo vitano. Unga wako. Oksidi ya zinki ya kawaida, ile isiyo nano. Nitrati ya zinki yenye kiasi kilekile cha zinki. Maji ya majani peke yake. Na cha tano, zungusha mchanganyiko wako kwenye mashine kwa kasi, chuja maji ya juu, weka hayo maji. Kishimo cha tano ndicho kitakachokuambia ioni zimefanya kazi kiasi gani bila chembe.

---

Agari_Moto

Vishimo vitano, sawa. Lakini pia nina kiwango cha chini cha kuzuia (dozi ndogo kabisa inayowazuia bakteria wasiote) kwenye supu, nilisoma ukungu kwa macho, mirija iliyo safi dhidi ya yenye ukungu. Hiyo si inatosha?

---

Sahani_Chafu

Ngoja nikusimulie aibu yangu. Mwanzoni nilipima titani kwenye supu, mirija kumi, nikasoma ukungu kwa mashine. Matokeo yakawa ya maajabu: dozi ndogo inaua, dozi kubwa bakteria wanastawi. Nikaanza hata kutunga nadharia kwamba chembe zikizidi zinawalisha! Siku tatu nina furaha ya mgunduzi. Mwenzangu akachukua mrija wa dozi kubwa usio na bakteria kabisa, akauweka kwenye mashine. Ukasoma juu kuliko yote. Unga wenyewe unatawanya mwanga, mashine haijui tofauti ya bakteria na vumbi.

Tangu hapo kwa kitu chochote chenye unga nahesabu makoloni. Unachukua tone kutoka kwenye mrija, unapunguza makali mara kumi kumi, unapaka kwenye agari safi, kesho yake unahesabu. Ni kazi ya mkono na inachosha, ila haidanganyi. Vipimo vya rangi vya seli za binadamu navyo vina mtego uleule: chembe nyingine zinamenyuka na rangi yenyewe, au zinainyonya, na wewe unadhani ni seli.

Na kama unaosha bakteria kwa maji ya chumvi yenye fosfeti, jua kwamba fosfeti inaikamata zinki na kuizamisha. Watu wawili wenye unga mmoja, supu mbili, wanapata majibu mawili kisha wanagombana kwenye majarida.

---

Cheche_za_Chuma

Samahanini wasomi, mimi fundi wa kuchomelea, nimepita tu. Nimeona oksidi ya zinki nikashtuka. Kuna kazi tulipewa ya mabomba yaliyopakwa zinki, ndani ya chumba kisicho na dirisha, kutwa nzima. Moshi mweupe mzito unaelea kama pamba, unatua mpaka kwenye kope. Jioni mdomoni ladha ya sarafu, hata maji hayashuki. Usiku nikaanza kutetemeka, homa, kifua kinabana, viungo kama nimepigwa. Aliyetupa kazi akasema ni uchovu. Kesho yake jioni niko mzima kama si mimi. Je ndiyo hiyo nano yenu?

---

Sahani_Chafu

Fundi, wewe umeijua mada hii kwa mapafu, sisi tunaijua kwa vichupa.

Ndiyo yenyewe. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chuma kinayeyuka karibu na 1,500. Ukigusa moto kwenye bomba lililopakwa zinki, zinki inaruka kuwa mvuke kabla chuma hakijayeyuka, inakutana na hewa, inakuwa oksidi na kuganda kuwa vichembe vya kiwango cha nano vilivyoshikana minyororo. Ile pamba uliyoiona ndiyo hiyo. Inaitwa homa ya mafusho ya metali. Inaanza saa kadhaa baada ya kazi, inaisha ndani ya siku moja au mbili.

Kuna kioja chake. Ukivuta kila siku mwili unazoea, homa haiji. Ukipumzika mwisho wa wiki, mazoea yanapotea, Jumatatu unaumwa upya. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliiita homa ya Jumatatu. Lakini kuzoea si kupona, mapafu bado yanaingiliwa.

Jambo moja zito: kama chuma kimepakwa kadimi, si zinki, dalili za mwanzo zinafanana kabisa na hizo, ila kadimi inaweza kujaza mapafu maji na kuua. Ukibanwa kifua baada ya kuchomelea chuma usichokijua kimepakwa nini, usisubiri kesho jioni. Nenda hospitali, na waambie ulikuwa unachomelea nini.

---

Cheche_za_Chuma

Basi nimepona kwa bahati. Tangu siku ile nakwangua kwanza kwa grainda na napiga feni nje nje.

---

Sahani_Chafu

Hata hiyo grainda, funga barakoa ya vumbi la metali.

---

Mama_Pacha

Mnanitisha jamani. Krimu ya watoto ya upele wa nepi imeandikwa oksidi ya zinki. Krimu yangu ya jua nayo imeandikwa zinki na titani. Nitupe vyote?

---

Sahani_Chafu

Dada usitupe. Kinachobadilika hapa ni mlango wa kuingilia. Krimu ya upele kwa kawaida inatumia unga usio nano, na zinki kwenye ngozi ina historia ndefu.

Krimu ya jua ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa zilizobanana, na chembe hizi zinabaki pale juu na kwenye vitundu vya nywele. Watafiti wa Australia walitengeneza krimu yenye zinki ya aina ya pekee, isotopu 68, ili waitofautishe na zinki ya chakula, wakawapaka watu siku tano ufukweni. Ilionekana kwenye damu na mkojo, lakini kidogo sana ukilinganisha na zinki ambayo mwili unayo tayari. Kipimo kile hakitofautishi chembe na ioni, ila mwili una njia za kushughulika na ioni za zinki, ni lishe pia. Utafiti ulitoka 2010.

Kinachokatazwa ni kupulizia. Kamati ya kisayansi ya Ulaya inayoshughulikia vipodozi imekubali zinki na titani za nano kwenye krimu hadi asilimia 25, lakini si kwenye bidhaa za kupuliza zinazoweza kuingia mapafuni. Krimu sawa, dawa ya kupuliza usoni hapana. Na usipake krimu ya jua kwenye kidonda kibichi, hapo lile tabaka la kukinga halipo.

---

Mzee_wa_Hoja

Mnazunguka. Ulaya wamepiga marufuku titani kwenye chakula, Marekani wanaila. Nani mwongo?

---

Sahani_Chafu

Hakuna mwongo mzee wangu, wanasoma mashaka yaleyale kwa macho tofauti.

Rangi nyeupe E171 ni dioksidi ya titani, na sehemu ya chembe zake ziko chini ya nanomita 100. Ufaransa iliiondoa kwenye chakula kuanzia 2020. Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwa kuwa haikuweza kuuondoa wasiwasi kwamba inaharibu DNA. Soma vizuri: haikusema imethibitika kuharibu, ilisema wasiwasi haujaondoka. Marufuku ya Umoja wa Ulaya ikaja 2022. Kwenye vidonge vya dawa wakaiacha kwa muda, wakiogopa dawa kuadimika. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO ilipitia 2023 ikaona hakuna haja ya kuweka kikomo. Marekani inaruhusu hadi asilimia 1 ya uzito wa chakula.

Kwenye mapafu hawagombani sana. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka titani kundi 2B, huenda inasababisha saratani, kwa sababu ya panya waliovuta vumbi lake. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, mwaka 2011 ilipendekeza mfanyakazi asizidi miligramu 2.4 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa vumbi la kawaida la titani, na 0.3 kwa vumbi la nano. Kemikali ileile, kikomo kikali mara nane, kwa sababu ya udogo peke yake. Mimi ukiniuliza ushahidi kwamba ukubwa ni sehemu ya sumu, nakupa hizo namba mbili.

---

Taa_Zimewaka

Uliahidi kurudi kwenye mwanga. Nimeona rangi za ukutani zinazojisafisha, "titani nano, inaua bakteria saa 24".

---

Sahani_Chafu

Saa 24 na usiku je?

Titani ya aina ya fuwele iitwayo anatasi inadai mwanga wenye nishati ya elektronivolti 3.2, yaani urujuanimno wa nanomita 387 au mfupi zaidi. Hapo elektroni inaruka, panabaki tundu, na hivyo viwili vikikutana na maji na oksijeni ndipo oksijeni kali inazaliwa. Fujishima na Honda walionyesha 1972 kwamba titani ikimulikwa inaweza kupasua maji, na 1985 Matsunaga na wenzake wakaitumia, ikiwa na platini, kuua vijidudu. Sayansi ni ya kweli. Tatizo ni chumba chako. Hata jua lenyewe, urujuanimno ni asilimia 5 tu hivi ya nishati inayofika chini, kioo cha dirisha kinapunguza, na taa ya LED ya nyumbani karibu haina. Kwa hiyo ukuta wa nje upande wa jua, sawa. Ukuta wa ndani wa korido ni rangi nyeupe kama rangi nyingine, mpaka iwe imechanganywa na kitu kinachoifanya iamke kwa mwanga wa kawaida, na hapo waonyeshe vipimo vya mwanga huo.

---

Kwato_na_Manyoya

Mimi niko kwenye mifugo. Ongezeni hili: watoto wa nguruwe wakiachishwa ziwa huharisha, na kwa miaka mingi Ulaya waliwapa oksidi ya zinki kwenye chakula, kama miligramu 2,500 kwa kilo. Ilifanya kazi. Ila zinki karibu yote inatoka na kinyesi inaenda shambani, na ndani ya nguruwe bakteria wanajifunza. Umoja wa Ulaya uliamua 2017 kuiondoa kama dawa, utekelezaji ukawa Juni 2022.

---

Agari_Moto

Wanajifunza nini? Si ndiyo faida ya nano, kwamba inapiga sehemu nyingi kwa wakati mmoja, usugu hauwezekani? Hiyo sentensi iko kwenye utangulizi wangu 🙈

---

Kwato_na_Manyoya

Iko kwenye utangulizi wa kila mtu kijana wangu. Bakteria wana pampu za kutema zinki na shaba tangu zamani, maana seli zetu za kinga zenyewe huwamwagia shaba zikishawameza. Hiyo ni vita ya kale, silaha wanazo. Na kwenye bakteria staphylococcus wa mifugo, jeni ya kuhimili zinki, czrC, hukaa kwenye kipande kimoja cha DNA na mecA, ile inayomfanya asisikie antibiotiki ya methicillin. Ukimlisha mnyama zinki unamchagua anayehimili zinki, na mecA inapanda lifti bure.

---

Sahani_Chafu

Daktari umenifunga mdomo. Hii ya lifti nitaiiba.

---

Maji_Tulivu

Na ikifika mtoni? Kuna kazi ya 2007 kuhusu mwani wa maji baridi: walipima oksidi ya zinki ya nano, ile ya kawaida, na kloridi ya zinki inayoyeyuka kabisa. Zote tatu zilimdhuru mwani sawasawa, nusu ya ukuaji ikipotea kwenye mikrogramu 60 hivi za zinki kwa lita. Kwa LITA, si mililita. Walihitimisha kuwa sumu ilikuwa zinki iliyoyeyuka. Yaani dozi inayomsumbua bakteria wa Agari_Moto ni maelfu ya mara ya ile inayomwangamiza mwani.

---

Sahani_Chafu

Kazi hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Ila shaba usiiweke kapu moja na zinki bila kuangalia. Mwaka 2008 walilinganisha oksidi kadhaa kwenye seli za mapafu, ya shaba ya nano ikawa kali kuliko zote, na ioni zilizokuwa majini peke yake hazikutosha kuelezea ukali huo. Sababu inayopendelewa ni kwamba seli inaimeza chembe ikiwa nzima, inaipeleka kwenye laisosomu, kijifuko chake cha kumeng'enyea penye asidi, na kule ndani ndiko inakoyeyuka. Mzigo wote unashushiwa sebuleni. Zinki nayo huingia kwa mlango huo, tofauti ni kwamba yenyewe inakuwa imeshayeyuka nyingi nje.

---

Mzee_wa_Hoja

Kwa hiyo hazina kazi, tufunge uzi.

---

Sahani_Chafu

Zina kazi pale zinapokaa mahali pamoja. Oksidi ya shaba nyekundu imo kwenye rangi za matumbo ya meli kwa miaka mingi, viumbe wa baharini wasigande, ingawa bandari nazo zinalipia kwa shaba inayotiririka majini. Zikifungwa ndani ya plastiki, nyuzi au rangi, zikaachia ioni kidogo kidogo bila chembe kutoka, hapo naona akili. Oksidi ya chuma nayo imeingia mpaka kwenye mishipa ya watu: ferumoxytol iliruhusiwa Marekani 2009 kwa upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Hata hiyo, iliyovalishwa koti la wanga na kupimwa miaka, 2015 iliongezewa onyo kali la mzio unaoweza kuua. Sasa mtu ananiletea kichupa kisichojulikana hata ukubwa, anataka kuandika "dawa ya baadaye".

---

Agari_Moto

Nimerudi wakuu. Vishimo vitano, E. coli, usiku kucha.

Unga wangu: 19.
Zinki ya kawaida isiyo nano: 17.
Nitrati ya zinki, zinki kiasi kilekile: 21.
Maji ya majani: hakuna kitu, bakteria wamepanda mpaka ukingoni.
Maji ya juu yaliyochujwa: 12.

Nimekaa chini kwanza.

---

Sahani_Chafu

Safi sana. Nitrati ya zinki ina asidi, ulipima pH?

---

Agari_Moto

Sikupima. Nimepima sasa hivi, 4.9. Kwa hiyo niongeze kishimo cha sita, maji ya pH hiyohiyo bila zinki?

---

Sahani_Chafu

Sasa umeanza kuniudhi kwa njia nzuri. Ongeza.

---

Cheche_za_Chuma

Fundi nauliza tena. Hiyo 19 ya kwako na 17 ya dukani, ni tofauti kweli au ni mkono umetetemeka kwenye rula?

---

Agari_Moto

Fundi, hilo ndilo swali la jopo. Nina sahani moja tu. Naenda kumimina nyingine.